Ukijisema Vibaya, Jijibu kwa Kweli

Fundi cherehani amekosea kukata. Mkono mmoja wa gauni umetoka mfupi kwa inchi mbili, sare inatakiwa harusini Jumamosi, na kitenge alicholetewa kilikuwa cha gauni moja tu. Tatizo lipo, na njia za kulitatua zipo: kutafuta kitenge kingine cha rangi ile, kubadili mshono, kumpigia mteja simu mapema. Lakini kabla hajaishika simu, maneno yameshamjaa kichwani: "Sina akili mimi. Kila nikigusacho kinaharibika. Wateja wote watanikimbia. Kazi hii si yangu." Nusu saa inapita, simu haijapigwa, na mkono wa gauni ni mfupi vilevile.

Amepata hasara mbili. Ya kitenge inalipika. Ya maneno ndiyo inayomkalisha kitini asiishughulikie ile ya kwanza.

Wengi tumeshaambiwa dawa yake: fukuza mawazo mabaya, usiyatamke kwa sababu maneno huumba, simama mbele ya kioo ujiambie wewe ni mshindi. Wapo wanaosaidika. Ila fundi huyu akijiambia "mimi ni fundi bora kuliko wote" huku gauni limeharibika mbele yake, moyo wake mwenyewe utamcheka. Mbinu zilizomo humu zimesimama juu ya jambo moja: kinachoishinda kauli mbaya ni kauli ya kweli, hata isipokuwa tamu. Na kweli hiyo hutafutwa kwa kalamu na daftari, kazi ambayo mtu yeyote anaweza kujifunza.

Kwa nini kufukuza na kujisifu havitoshi

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake walichapisha jaribio ambalo hadi leo linafundishwa vyuoni. Waliwataka watu waseme kwa sauti kila kinachowapitia kichwani kwa dakika tano, ila wasimfikirie dubu mweupe. Akiwajia, wagonge kengele. Kengele ziligongwa mara kwa mara. Waliporuhusiwa kumfikiria, dubu aliwajia zaidi kuliko alivyowajia watu ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Ndivyo inavyokuwa kwa anayejikataza kuwaza "nitafeli". Ili ajue kama ameacha kuliwaza, inabidi achungulie kama lipo, na akichungulia analikuta.

Kujisifu nako kuna mtego. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti ambamo washiriki walirudia kujiambia kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijithamini tangu awali walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wakijidharau, yaani wale hasa wanaoshauriwa kutumia kauli za namna hiyo, walijisikia vibaya zaidi. Kauli inayopingana mno na kile mtu anachokiamini humkumbusha hoja zote za upande wa pili.

Sisi tuna sababu yetu ya ziada. Tumekuzwa na methali kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayejinadi, hata kama ananadi kimoyomoyo, anahisi anafanya jambo la aibu. Kwa hiyo sifa haimkai. Ushahidi humkaa, kwa sababu ushahidi hauna majivuno ndani yake.

Njia ya ushahidi ilipata sura yake hospitalini. Katika miaka ya 1960 Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, aliona kwamba wagonjwa wake wenye sonona walipitiwa na mkondo wa mawazo mafupi, ya haraka, ambayo hawakuwa wakimsimulia kwa sababu wao wenyewe waliyaona ni ukweli wa kawaida. "Ananichoka." "Sifai." Mawazo hayo yalikuja yenyewe, bila kuitwa, na huzuni ikafuata nyuma. Beck akaanza kuwafundisha wagonjwa kuyakamata, kuyahoji na kuyajaribu. Tiba iliyotokana na kazi hiyo imepimwa kwa miaka mingi katika nchi nyingi, na hatua zake za msingi zinaweza kutumiwa na mtu asiye mgonjwa ambaye amechoka tu kujitukana.

Hatua ya kwanza: ikamate kauli ikiwa mbichi

Huwezi kuijibu kauli usiyoisikia. Kwa wengi maneno haya yamekuwa mazoea kiasi kwamba wanachokiona ni matokeo yake tu: tumbo limekaza, mabega yamelegea, hamu ya kazi imekatika ghafla. Tumia dalili hizo. Kila moyo unapobadilika ghafla, simama ujiulize: nimetoka kujiambia nini sasa hivi?

Andika kwenye kurasa za nyuma za daftari la mahesabu au kwenye simu. Mambo matatu yanatosha. Kwanza tukio, kwa maneno ambayo hata mtu aliyekuwa pembeni angeyakubali: "Nimekata mkono mfupi kwa inchi mbili." Pili kauli, neno kwa neno: "Sina akili mimi." Tatu, unaiamini kiasi gani, kwa alama kutoka 0 hadi 100. Usiipambe wala usiipunguze makali. Ikiwa umejiita mjinga, andika mjinga. Ukiandika "nilijisikia vibaya kidogo" utakuwa umeificha kauli yenyewe.

Zingatia pia kwamba kauli nyingi huja zikiwa zimevaa sura ya swali. "Kwa nini mimi tu?" "Watanionaje?" "Nitaishi hivi mpaka lini?" Swali la namna hiyo halichunguziki kwa sababu halijadai kitu. Ligeuze liwe dai. "Watanionaje?" inakuwa "Wataniona sijui kazi." Hapo sasa una kitu cha kuhoji.

Hatua ya pili: itambue kwa mtindo wake

Kauli za kujidharau zinaonekana nyingi, lakini mitindo yake ni michache na inajirudia. Mwaka 1980 daktari wa Marekani David Burns, aliyejifunza kwa Beck, aliisambaza orodha ya mitindo hiyo kwa wasomaji wa kawaida. Hii hapa baadhi, kwa maneno tunayoyasikia mitaani kwetu.

Kujumlisha. Utaijua kwa maneno "kila", "siku zote", "wote" na "kamwe". Mteja mmoja amekasirika, kauli inasema wateja wote watakimbia. Kosa la leo linageuzwa kuwa historia ya maisha.

Kujibandika jina. "Mimi gundu." "Mimi mkosi." "Mimi wa hivihivi tu." Tendo lina mwanzo na mwisho, jina halina. Aliyekosea kipimo anaweza kupima upya kesho. Aliyejiita gundu hana la kufanya, na ndiyo maana kauli hii hukata nguvu kuliko nyingine.

Kusoma mioyo ya watu. Umetuma ujumbe, tiki zimekuwa za bluu, jibu halijaja, nawe umeshajua kwamba umedharauliwa. Umeingia ofisini watu wakanyamaza, umeshajua walikuwa wanakusema wewe. Kwa majirani, kazini na katika ukoo, ambako "watu watasemaje" ni swali la kila siku, mtindo huu una wafuasi wengi.

Kutabiri mabaya. "Hata nikipeleka barua ya maombi sitaitwa." Utabiri huu una hila: usipopeleka, huitwi, na utabiri unaonekana umetimia.

Yote au hakuna. "Kama si divisheni wani, nimefeli." "Nimeshakula andazi moja, mazoezi yote yamekuwa bure." Hakuna katikati, ingawa karibu maisha yote ya mtu yako katikati.

Kuchuja mema. Umetoa hotuba kikaoni, watu saba wamekupongeza na mmoja amesema ulikwenda mbio. Usiku unalala na yule mmoja.

Huhitaji kukumbuka majina haya yote. Jisome kwa wiki moja tu, utagundua una mitindo miwili au mitatu unayoirudia. Ukishaijua, kauli inapokuja unaweza kusema, "Haya, huku ni kujumlisha tena," na tayari imeshapungua uzito.

Hatua ya tatu: idai ushahidi

Hapa ndipo kazi ilipo. Ichukulie kauli kama mlalamikaji aliyekuja barazani kukushtaki. Hakimu mzuri hamfukuzi mlalamikaji, wala haamini kila anachosema kwa sababu amekuja na kelele. Anamwambia: lete ushahidi. Kisha anasikiliza upande wa pili. Tatizo letu ni kwamba katika mashtaka yetu wenyewe tunatoa hukumu kabla upande wa pili haujafungua mdomo.

Maswali manne yanatosha kuendesha shauri.

Kuna ushahidi gani unaounga mkono kauli hii? Uandike kwa uaminifu. Fundi wetu ataandika: "Nimekata mkono mfupi. Nilipima mara moja tu kwa sababu nilikuwa naongea na simu. Mwaka jana pia niliharibu suruali."

Kuna ushahidi gani unaoipinga? Uwe wa kuhesabika na wa kushikika. "Mimi ni mtu mzuri" hauhesabiki. "Sare za kwaya nilishona zote zikachukuliwa bila malalamiko. Mteja huyu mwenyewe ameletwa na dada yake niliyemshonea. Nimelipa kodi ya fremu kwa kazi hii hii." Ukikosa la kuandika, pitia daftari la wateja, ujumbe wa zamani kwenye simu, risiti, matokeo ya mitihani. Mtu aliyekasirika na nafsi yake husahau mema aliyoyafanya, karatasi hazisahau.

Kuna maelezo gani mengine? Mteja hajajibu kwa sababu amekudharau, au yuko kazini, au kifurushi kimekwisha? Huhitaji kuchagua maelezo matamu zaidi. Inatosha kuona kwamba yapo zaidi ya moja.

Angekuwa rafiki yangu, ningemwambiaje? Swali hili huonekana jepesi lakini huzaa matunda kuliko yote. Fundi mwenzako akikujia na kosa lilelile, hutamwambia hana akili. Wala hutamdanganya kwamba gauni limependeza. Utamwambia, "Umekosea mkono, ndugu yangu. Mpigie mwenye nguo kabla hajasikia kwa watu, halafu tuangalie mshono gani utauficha." Huo ndio ukweli wenye huruma, na unaweza kuuelekeza kwako mwenyewe. Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas ameifanyia utafiti huruma ya mtu kwa nafsi yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hoja yake kuu ni kwamba huruma hiyo haimlegezi mtu. Anayejihurumia anaweza kulitazama kosa lake usoni kwa sababu halimwangamizi.

Tazama jinsi hukumu inavyoweza kukosewa. Mwaka 2012 Eliud Kipchoge, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 jijini Paris, alikosa nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London. Kwa mwanariadha wa mbio za uwanjani, matokeo yale yangeweza kusomwa kwa neno moja: nimekwisha. Lakini ushahidi ulisema jambo dogo zaidi, kwamba hakuchaguliwa kwa mbio zile mwaka ule. Mwaka 2013 akahamia marathoni na kushinda ya kwanza kabisa aliyokimbia, mjini Hamburg. Dhahabu ya Olimpiki ikafuata Rio mwaka 2016, na tarehe 12 Oktoba 2019 jijini Vienna akakimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Si kila anayekosa nafasi atafika Vienna. Ila kati ya "sikuchaguliwa" na "nimekwisha" kuna pengo kubwa, na ni wewe unayeliziba kwa maneno yako.

Hatua ya nne: tunga jibu lenye sehemu tatu

Baada ya kusikiliza pande zote, andika hukumu yako. Iwe na sehemu tatu: kilichotokea, kilicho kweli upande wa pili, na hatua inayofuata. Kwa fundi wetu:

"Nimekata mkono mfupi kwa sababu nilipima mara moja huku naongea na simu. Wateja wengi wamechukua nguo zao kwangu wakarudi tena. Sasa nampigia mwenye gauni, na kuanzia leo napima mara mbili simu ikiwa mbali."

Soma tena. Hakuna sifa ndani yake. Hakuna tusi pia. Kosa limekubaliwa kwa ukubwa wake halisi, na mwisho wake kuna kazi ya mkono. Kipimo cha jibu zuri ni hiki: je, ungeweza kulisema mbele ya mtu anayekufahamu vizuri bila kuona haya na bila kuonekana unajitapa? Kama ndiyo, litakukaa. Kisha rudi kwenye alama zako. Kama uliiamini kauli "sina akili" kwa 90, na sasa unaiamini kwa 50, umefanya kazi kubwa. Usitafute sifuri.

Ukiona ni vigumu kujisemesha kwa upole, badili namna ya kujiita. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu waliotakiwa kuhutubia walijiandaa kwa kujisemesha. Waliotumia majina yao au neno "wewe" badala ya "mimi" walipungukiwa na wasiwasi na kuhutubia vizuri zaidi. Kwetu hili ni rahisi, maana tuna majina ya heshima na ya upendo. Kama nyumbani unaitwa Mama Zawadi, jisemeshe hivyo: "Mama Zawadi, umekosea leo. Ulishawahi kukosea ukarekebisha. Chukua simu." Ukijiita hivyo unakaa kidogo pembeni mwa tatizo, mahali ambapo mshauri hukaa.

Hatua ya tano: mjaribu mtabiri

Kauli nyingine haziishi kwa kuandikwa, hasa za utabiri. Hizo zipeleke uwanjani. Andika utabiri wako wazi kabla ya tendo: "Nikimpigia, atanitukana na hatarudi tena." Fanya tendo dogo linaloweza kuujaribu. Kisha andika kilichotokea.

Anayeogopa kuuliza swali mkutanoni kwa kuwa "watanicheka" aulize swali moja fupi na ahesabu waliocheka. Anayesema "hata nikiomba kazi siitwi" apeleke maombi na aandike tarehe na majibu. Anayeamini kwamba akiomba siku moja ya ziada kwa mwenye nyumba atafukuzwa aombe kwa adabu na aone.

Mara nyingine utabiri utatimia. Mteja atatukana kweli. Usilifiche hilo kwenye daftari, kwa sababu hata hapo unajifunza jambo ambalo kauli haikukuambia: alitukana, ikapita, na gauni likashonwa. Baada ya mwezi fungua kurasa zako na ulinganishe. Mtabiri ambaye anakosea mara nyingi kuliko anavyopatia hastahili kuaminiwa kwa sababu tu ana sauti kubwa.

Kabla ya kazi ngumu, beba neno lako

Hatua zilizotangulia hutumika baada ya tukio. Kuna nyakati unajua kabisa kwamba sauti itakuja: dakika ya kuingia kwenye usaili, kilomita za mwisho za mbio, saa ya tatu ya mtihani. Hapo hakuna nafasi ya kuendesha shauri. Andaa maneno mapema.

Mwaka 2014 watafiti wakiwemo Anthony Blanchfield na Samuele Marcora walichapisha jaribio la watu 24 walioendesha baiskeli ya mazoezi mpaka wakashindwa. Nusu yao walifundishwa kujisemesha maneno ya kujipa moyo waliyoyachagua wenyewe, wakayafanyia mazoezi kwa wiki mbili. Waliporudi, kundi hilo lilivumilia kwa muda mrefu zaidi, kwa takriban asilimia 18, na kazi ileile waliiona nyepesi kuliko awali. Wale wengine hawakubadilika.

La kujifunza ni namna walivyofanya. Maneno yalikuwa mafupi, yalichaguliwa na mwenyewe, yalizoeleka kabla ya siku yenyewe, na yalihusu kazi iliyo mbele. Chagua mawili: moja la kuanzia na moja la kuchoka. Kwa usaili la kwanza linaweza kuwa "Nimejiandaa, nasikiliza swali kwanza," na la pili, ukibabaika katikati, "Nivute pumzi, swali moja kwa wakati." Yote mawili ni kweli. Hakuna lililoahidi kwamba kazi utaipata.

Ikiwa kauli ni ya kweli

Unaweza kuidai kauli ushahidi na ikauleta. "Nadaiwa kwenye kikoba na sina marejesho ya wiki hii." Mhasibu yeyote ataipitisha. Kuendelea kubishana na wazo kama hili ni kupoteza muda. Kinachotakiwa ni kulitatua jambo lenyewe, na mara nyingi hilo halifanyiki peke yako.

Zimbabwe imetoa funzo kubwa hapa. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika eneo la Mbare, jijini Harare. Akina bibi hao, wahudumu wa afya wa jamii, walifundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, kumsikiliza mpaka atoe yote yanayomkwaza, kisha kumsaidia kuchagua tatizo moja tu la kuanza nalo na kupanga hatua yake. Mpango huo unajulikana kama Benchi la Urafiki. Matokeo ya utafiti wake yalichapishwa mwaka 2016. Washiriki walikuwa 573 katika kliniki 24 za Harare, na baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Angalia kwamba bibi hakumwambia mtu "fikiri mema". Alimuuliza, "Kati ya haya yote, tuanze na lipi?" Mwenye deni la kikoba naye afanye hivyo. Ajitoe kwenye kauli pana ya "maisha yamenishinda" na aandike tatizo moja. Atafute mtu mmoja wa kukaa naye: shangazi, somo, mzee wa kijiweni, dada wa kwaya. Achague anayeuliza kabla ya kushauri. Kisha atoke na hatua moja, kwa mfano kumwona mweka hazina kabla ya siku ya kikao na kuomba kugawiwa marejesho. Ikiwa njia zako za kupata nguvu ni sala na dua, hapa zina nafasi yake kubwa. Hakuna kinachomzuia mtu kumwomba Mungu na kumpigia mweka hazina siku hiyohiyo.

Maneno ya kuazima

Ukizikagua kauli zako utagundua baadhi hazikuanzia kwako. "Huna akili" aliisema mwalimu mbele ya darasa. "Umerithi uzembe wa baba yako" ilisemwa jikoni na mtu mzima aliyekuwa na hasira siku ile. Wengine walitania tu, na utani ukakaa. Jiulize: hii niliisikia kwa nani kwanza, na mtu huyo alinijua kiasi gani? Maneno aliyoambiwa mtoto wa miaka 9 hayamhusu tena mtu mzima anayelipa kodi ya nyumba.

Ukiwa mzazi, funzo lina upande wa pili. Mtoto amemwaga maziwa. "Umemwaga, chukua kitambaa ufute" inamwachia kazi ya kufanya. "Wewe mtoto una mkosi gani?" inamwachia jina. Likemee tendo kwa ukali unaostahili, lakini jina lake liache lilivyo.

Ratiba ya wiki ya kwanza

Siku mbili za kwanza, kamata na kuandika tu. Usijibu chochote, kauli mbili au tatu kwa siku zinatosha. Siku ya tatu, pitia ulichoandika na utambue mitindo inayojirudia. Siku ya nne na ya tano, chukua kauli moja kila siku, ile iliyokuumiza zaidi, uipitishe kwenye maswali manne na uandike jibu la sehemu tatu. Dakika 15 zinatosha, ila ifanywe kwa kalamu, kwa sababu kichwani kauli hubadilika kila unapoikaribia. Siku ya sita, chagua utabiri mmoja uujaribu kwa tendo dogo. Siku ya saba, soma kurasa zote na uandike mstari mmoja: mtindo wangu mkubwa ni upi, na jibu lipi lilinisaidia? Wiki ya pili anza na jibu hilo.

Wapi pa kusimama na kutafuta msaada

Mbinu hizi zina mpaka. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huzuni haikuachii karibu kila siku, usingizi au hamu ya kula imeharibika, vitu ulivyovipenda havikuvutii tena, au kazi na familia vimekushinda, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya ueleze kama ungeeleza homa. Tanzania huduma hizi zipo hospitali za rufaa, Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma. Nairobi ipo hospitali ya Mathari. Na ikiwa sauti imeanza kukuambia kwamba bora usiwepo, usiihoji peke yako na daftari. Mwambie mtu wa karibu leo hii, asikuache peke yako, mwende hospitali pamoja. Mficha maradhi kilio humfichua.

Kwa wengine wote, jipime kwa jambo moja. Usihesabu kauli mbaya zimekuja mara ngapi, maana zitaendelea kuja. Pima muda uliopita kati ya kosa na hatua ya kulirekebisha. Fundi aliyekaa nusu saa leo, mwezi ujao akikosea tena na simu ya mteja ikapigwa ndani ya dakika tano, ameshaijua kazi hii.